Kung'ong'a Mbele ya Kioo

Kinyozi wa nyuma ya posta alikuwa na mkono mwepesi na maneno ya adabu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: kung'ong'a. Mteja akifumba macho apakwe poda, kinyozi huvimbisha mashavu, hukodoa macho na kuchezesha taya nyuma ya kisogo chake, mpaka wanaosubiri kwenye benchi waumwe mbavu kwa kucheka. Mteja akifumbua macho, humkuta kinyozi katulia kama maji ya mtungini, anapuliza nywele kwenye mashine.

Mkewe alishamwonya. "Baba watoto, siku za mwizi ni arobaini."

Ya arobaini ilimfikia pale baba mkwe wake, karani mstaafu wa mahakama, alipoketi kitini. Mzee alikuwa na nywele za kuokoteza, lakini aliagiza kama mwenye msitu.

"Juu punguza kidogo tu. Pembeni fuata umbo. Nyuma usiguse mpaka nikwambie."

Akafumba macho, akaendelea kuagiza. Kinyozi akajizuia weee, akashindwa. Akasukuma kidevu mbele, akabana midomo, akatikisa kichwa kwa madaha kama mzee mwenyewe. Benchi zima likacheka. Mzee akafumbua macho, na kioo hakina siri.

"Mkwe, unaning'ong'a?"

"Hapana, baba," kinyozi akajibu kwa heshima zote, midomo bado imebanwa. "Kung'ong'a ni kumfanyia mtu nyuma yake asione. Wewe umeniona."

"Basi hiyo ni kejeli," fundi viatu akadakia kutoka kwenye benchi. "Kejeli ndiyo ya mbele."

"Mbele ya nani, na yeye kasimama nyuma?" akasema muuza magazeti. "Ni kung'ong'a, ila kumeharibikia njiani."

Mzee akainua mkono, shuka la kunyolea likimning'inia kama joho.

"Kisogo changu kimeng'ong'wa, macho yangu yamekejeliwa. Makosa mawili, mshtakiwa mmoja. Sasa rudia, sikuona mwanzo."

Kinyozi akajaribu. Uso ukagoma, ukakauka kama ubao. Kumchezea mtu ana kwa ana, tena baba wa mkewe, hakuwahi kujifunza.

"Hujui," mzee akasema. Akashuka kitini na kichwa chake kilichonyolewa nusu, akachukua mashine iliyozimwa, akainama kana kwamba ananyoa mtu. Akatoa ulimi pembeni mwa mdomo, na kila mashine ilipokwenda, ulimi nao ukaifuata. Fundi viatu akadondoka kwenye benchi.

Kumbe kinyozi hutoa ulimi anaponyoa, na mwenyewe hana habari. Akamaliza kazi akiwa kaubana kwa meno, na kwa kuwa akili yote ilikuwa mdomoni, kichwa cha mzee kikatoka na ngazi.

Nyumbani kwa kinyozi, binti akamtazama baba yake. "Nani kakunyoa hivi?"

"Mumeo. Sijui alikuwa ananinyoa au ananing'ong'a."

Akamsimulia yote. Kinyozi alikula chakula chake ameinamia sahani, maana kila alipoinua macho, mkewe alikuwa katoa ulimi pembeni.