Nyumba ya Niyonsaba Kwenye Ramani

Asmahani binti Khatibu hakupenda mikutano, na alilisema hilo kwa sauti, maana kusema chini chini hakuwahi kujifunza. Mikutano, alidai, ni mahali watu wazima wanapokwenda kunywa soda na kuambiwa mambo wanayoyajua. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa alipokuja asubuhi moja kumwarifu kwamba amechaguliwa kwenda kwenye warsha ya siku tatu, ya kuupanga upya mtaa wao wa Soko la Zamani hapa Kibondo, Asmahani aliendelea kugeuza vitumbua vyake barazani, wala hakuinua uso.

"Na hivi vitumbua ataviuza nani? Wewe?"

"Utavileta hukohuko, Mama Zaitun. Watu arobaini. Chai ya saa nne tumekupa wewe."

Hapo akainua uso.

Ukweli mtaa ulikuwa umechoka. Tangu lami ipite kule juu, wafanyabiashara walihamia kando ya barabara mmoja mmoja, soko la zamani likabaki vichanja vilivyolala ubavu. Mvua nayo ilijua njia yake: ilikusanyika juu kwenye lami, ikateremka yote ikaingia majumbani mwa watu bila hodi. Wenye nguvu walihama. Waliobaki ni wale wasio na pa kwenda, na Asmahani, ambaye binti yake Zaitun alimwita Kigoma kila mwezi akae naye. Kila mwezi alikataa.

Zaitun alidhani mama yake ni mkaidi tu. Haya, mkaidi alikuwa, tusimpake rangi. Lakini kulikuwa na jambo jingine.

Asmahani alizaliwa Ujiji, mtoto wa mwuza vitenge. Alipotimiza miaka kumi na tisa akaolewa na Abdulrahmani, akaletwa huku juu kwenye baridi, mwezi wa saba, na kanga mbili nyepesi mabegani. Jamani, alilia. Kisimani wanawake waliongea Kiha, na kila alipofungua mdomo na Kiswahili chake cha Ujiji walimcheka pembeni. Siku ya tatu, akiwa jikoni anapuliza kuni mbichi, aliona mkono umepita kwenye uwazi wa ua wa matete, umeshika kigae cha chungu.

"Jirani, nipe moto."

Hivyo ndivyo alivyomjua Niyonsaba. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, yeye akazaliwa huku huku Kibondo, kijijini Kitahana, akakua akilima, na sasa alikuwa mjane mdogo asiye na mtoto. Mwenyekiti wa wakati huo alimruhusu ajenge kwenye kipande cha ardhi ya mtaa, pembeni mwa ua wa Asmahani. Karatasi hakuna, neno tu. Asmahani alimtazama, akatazama majivu yake yasiyo na hata kaa moja lililoshika.

"Moto gani? Mimi mwenyewe naganda hapa!"

Niyonsaba akacheka hadi akakaa chini. Akaingia kwa kupitia uwazi uleule, akachambua zile kuni, akauwasha moto, kisha akachota kaa lake akaenda zake. Baadaye alimweleza kwamba kwao nyumba unayoiomba moto huwezi kununiana nayo hadi kesho yake, kwa sababu asubuhi utahitaji kupika. Nao hawakununiana. Yaani waligombana, tena sana, mmoja akiwa na ulimi kama ule wa Asmahani mtaacha kugombana? Lakini asubuhi kigae kilipita uani.

Kwenye uwazi ule vilipita vitu miaka ishirini na mitano: chumvi, dawa ya kikohozi, Zaitun akiwa mchanga, umbeya wa mtaa mzima. Vitumbua vyenyewe vilikuwa vya wawili, Niyonsaba akitwanga mchele, Asmahani akikaanga. Abdulrahmani alipofariki, Niyonsaba alilala mkekani na Asmahani siku zote arobaini, Jumapili akienda kanisani ananukia udi, na padri hakumuuliza kitu.

Kisha, miaka sita iliyopita, simu ilipigwa kutoka Ruyigi, huko Burundi. Baba yake mdogo amekufa, shamba la ukoo linagawanywa, na asiyefika atahesabiwa hayupo. Niyonsaba akafunga mzigo mdogo. Alimpa Asmahani ufunguo kwa kuupitisha palepale kwenye uwazi.

"Wiki tatu tu. Mtu akija kuniulizia, mwambie nimetoka kidogo."

Miezi miwili walizungumza kwa simu. Baada ya hapo namba ikawa haipatikani, na haijapatikana hadi leo. Mwaka wa kwanza wengi waliuliza, na Asmahani akawajibu hivyohivyo: ametoka kidogo. Mwaka wa pili walikuja wawili. Kisha hakuja mtu. Masika ya mwaka juzi maji ya lami yalikula ukuta wa nyuma, nyumba ikakaa chini yote, na watu wakaokota matofali yaliyobaki mazima. Asmahani alipiga kelele siku tatu, asimpate hata mmoja aliyeokota.

Lakini uwanja aliendelea kuufagia. Kila alfajiri, baada ya swala, alipita kwenye uwazi na ufagio wake akafagia mahali pasipo na nyumba. Ufunguo ulikuwa kwenye kopo la hiliki. Alimkumbuka Niyonsaba, alimkumbuka mpaka mikono ilimuuma anapotwanga mchele peke yake. Ndiyo maana Kigoma haendi. Mtu akirudi akakuta jirani naye kahama, atamwomba nani moto?

Basi warsha ikaanza, kwenye ukumbi wa shule. Aliyeiongoza alikuwa kijana wa mipango miji aitwaye Nurudini, shati limenyooshwa, mpole, mwenye mazoea ya kuanza kila sentensi na "wazazi wangu." Aliwaambia kwamba hakuja na ramani yoyote ya mtaa wao, kwa makusudi kabisa.

"Wazazi wangu, wataalamu wa mtaa huu ni ninyi."

"Na wewe umefuata nini?" Asmahani akauliza. "Vitumbua?"

Ukumbi ukaangua kicheko, na kijana akacheka pia, jambo lililomwongezea alama. Akawagawa kwenye makundi ya watu watatu watatu, kila kundi likapewa pande lake la mtaa na karatasi kubwa kama shuka: wachore nyumba zilizopo, njia, mahali maji yanapopita. Asmahani aliwekwa na mzee Bazilio, fundi baiskeli anayekaa chini ya mteremko, na Tunu, msichana mwenye saluni aliyehamia mwaka jana tu. Bazilio macho yalishachoka. Tunu hakujua mitaa ya ndani. Penseli ikamwangukia Asmahani.

Akaanza kwa kusitasita, kisha mkono ukafunguka. Akachora msikiti mdogo, akachora soko, saluni ya Tunu, banda la Bazilio la kutengenezea baiskeli. Akachora nyumba yake, na ua, na uwazi kwenye ua. Na upande wa pili wa uwazi, bila kuinua penseli, akachora nyumba ya Niyonsaba: paa, mlango unaotazama kwake, jiko la nje, jiwe la kukalia. Aliichora vizuri kuliko zote. Akaitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kifua kikamwachia kidogo.

Bazilio aliinama juu ya karatasi muda mrefu. Alikuwa mtu wa mtaa huo tangu zamani, na baiskeli ya Niyonsaba aliitengeneza yeye. Akamtazama Asmahani, akakohoa, akarudi kwenye kiti chake. 

Haikuwa hila, mtu asimsingizie. Alichora kama alivyozoea kuuona mtaa. Lakini alipokabidhi karatasi alijua alichokifanya, na hakukirudisha.

Siku ya pili walikuta ukutani rasimu kubwa ya penseli ambayo Nurudini na wenzake wameiunganisha kutoka kwenye karatasi za makundi. Ilipendeza, kusema haki. Soko la zamani lilikuwa na paa jipya, njia zina miti, na mstari wa buluu, mtaro wa kuyapokea maji ya lami, uliteremka kutoka juu hadi mtoni. Nurudini akaufuata kwa kijiti akieleza.

"Hapa tungeweza kwenda moja kwa moja, ila kuna nyumba ya mtu. Kwa hiyo tumepinda, mtaro unapita huku, na kwa bahati mbaya unachukua banda hili." Kijiti kiligusa banda la Bazilio. "Ni banda tu, si nyumba ya kulala, kwa hiyo tuliona hasara ni ndogo. Kesho tutatoka wote na majivu, tuuchore mtaro palepale chini. Lakini leo ni kura."

Kila mtu akapewa maharage matano mekundu ya kupigia kura: weka pale unapotaka pabaki kama palivyochorwa. Watu wakaanza kujipanga mbele ya rasimu, ambayo sasa imeshushwa na kutandazwa mezani, mmoja akiuliza kama maharage ni ya mbegu au ya kula, vicheko vikapanda. Asmahani hakucheka. Alikuwa anamtazama Bazilio.

Mzee alikaa kitako na maharage yake kiganjani. Lile banda ndilo lililomlisha miaka arobaini. Hakuwa na kingine. Neno moja tu lingetosha: nyumba hiyo ilianguka, tokeni mkaone. Nalo hakulisema. Asmahani akamwendea, akainama.

"Mzee Bazilio, mbona umenyamaza? Wanabomoa kwako!"

"Nimeona."

"Sasa?"

"Si nyumba yangu, Mama Zaitun," akasema taratibu. "Ni wewe uliyeachiwa ufunguo. Siwezi kuivunja mimi."

Laiti angemtukana. Tusi Asmahani angelijibu, tena kwa faida.  Alisimama pale kati ya ukumbi, maharage yamelowa jasho mkononi, na akaona mambo mawili kwa pamoja: akinyamaza, nyumba itabaki kwenye karatasi hadi kesho, watakapofika na majivu yao na kukuta uwanja uliofagiwa, na hata kama wasingefika kamwe, Bazilio alikuwa tayari kulipoteza banda lake ili asimnyang'anye yeye mchoro. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Akasukuma watu akafika mezani.

"Mwanangu Nurudini. Nipe kifutio."

"Kuna kosa, mama?"

"Hapo hakuna nyumba." Sauti yake, ile iliyosikika mitaa mitatu, ilitoka ndogo. "Ilikuwepo. Mvua iliichukua mwaka juzi. Nilichora kwa sababu... Nilichora tu. Nipe kifutio."

 Nurudini alitaka kufuta yeye, Asmahani akamzuia mkono. Alianza na paa. Akafuta jiko la nje, akafuta jiwe. Mlango aliuacha mwisho, na alipoufikia mkono ukasimama, machozi yakamtoka waziwazi mbele ya watu wote waliomjua kwa matusi yake. Kisha akaufuta. Akapuliza mabaki ya kifutio, akafuta ule mpindo, akauchora mstari wa buluu unyooke, kwa mkono wake mwenyewe. Uwazi kwenye ua hakuugusa, na hakuna aliyethubutu kumwambia auguse.

Banda la Bazilio likabaki. Mtaro ulipita ukingoni mwa uwanja, ukaacha nafasi nzuri katikati, na wanawake wakasema kwa pamoja kwamba hapo ndipo pawekwe bomba la maji, na kivuli, na benchi. Maharage yakamiminwa hapo hadi yakabingirika chini. Asmahani naye aliweka yake, yote matano.

Nurudini akachukua kalamu ya wino. "Kila mahali pana jina kwenye ramani, wazazi wangu. Bomba hili tuliiteje?"

 Tunu ndiye aliyejibu, haraka, kama mtu aliyeulizwa kitu kinachojulikana.

"Si ni kwa Niyonsaba?"

"Kwa Niyonsaba, ndiyo," wengine wakaitikia. Mwendesha bodaboda mmoja, kijana mgeni kabisa, akaongeza kwamba abiria wote wanapaita hivyo: nishushe kwa Niyonsaba, palipofagiwa.

Asmahani aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Miaka sita alidhani jina hilo linakaa mdomoni mwake peke yake, akililinda pamoja na ufunguo kwenye kopo. Nurudini akaliandika, herufi kubwa, kwa wino usiofutika.

Tunu akasogea karibu, akamgusa bega kwa adabu.

"Samahani, mama. Mimi napaita tu kwa kuwasikia wenzangu. Kwani huyo Niyonsaba ni nani?"

Asmahani akajifuta uso kwa pembe ya kanga, akakaza fundo.

"Jirani yangu," akasema. "Ametoka kidogo."