Ubao Uliomjua Masinde

Mwaka wa tisini na sita, kanisa moja dogo la mabati kule Njiru lilipoamua kujenga ukumbi wa mawe, Masinde alichaguliwa kuwa mnunuzi wa vifaa kwa sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa amehudhuria semina ya siku tatu mjini, akarudi na kalamu, mkoba wa plastiki na neno "chanzo". Ya pili, katika ushuhuda wake alikuwa amesema mara nyingi, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, kwamba hajawahi kuvuka kizingiti cha baa.

Sababu ya kwanza ilikuwa kweli.

Semina ilimfundisha kwamba anayejenga hana budi kuuliza kila kitu kimetoka wapi: mchanga umechotwa mto gani, mbao zimekatwa msitu gani, na huko zilikotoka kumebaki nini. Masinde alilipokea jambo hilo kama mtu aliyepewa filimbi akaambiwa yeye ndiye refa. Akatunga fomu. Kila kifaa kiandikwe kilikotoka, kazi kiliyokuwa kikifanya, na alama zilizo juu yake. Kisha fomu zote zisomwe mbele ya washirika siku ya kufungua ukumbi. Atakayeficha chanzo, atoke kwenye kamati.

Wa kwanza kutoka alikuwa Kweyu, aliyeleta mchanga akasema ni wa machimboni, kumbe ulichotwa chini ya daraja ambalo washirika wenyewe hulipita wakija ibadani. Masinde alimhubiria kwa dakika ishirini. Baadaye, kila alipokumbuka siku hiyo, kilichomwasha masikio ni pale alipopiga meza.

Mbao za viti hakutaka za msituni. Kwao Bungoma, mivule aliyokuwa akiikwea utotoni ilikuwa imekwisha yote. Kwa hiyo akaenda Majengo kwa Abdurahim, aliyeuza vifaa vya nyumba zilizobomolewa.

"Nina kaunta ya mvule," Abdurahim akamwambia. "Ya baa iliyobomolewa Makadara. Imebeba viwiko vya walevi miaka ishirini na haikupinda. Watu wa Mungu watailemea wapi?"

"Baa gani?"

"Kipepeo. Unaijua?"

"Nitaijulia wapi, Bwana Abdurahim?"

"Nauliza tu. Hata mimi naijua kwa mbao zake."

Ukweli ni kwamba Masinde alikuwa amekaa Kipepeo miaka mitatu, kabla hajaokoka, kwenye stuli ya pili kutoka dirishani. Lakini baa haikuwepo tena, wateja walikuwa wametawanyika, na ubao hausemi. Akauchukua. Njiani alijiona hodari kweli: alikuwa ameokoa hata kaunta.

Siku ya tatu, seremala wa kanisa, Munyoki, alibandua plastiki iliyofunika upande wa mbele wa kaunta, ule uliokuwa ukiguswa na magoti ya wanywaji. Akaita.

"Mzee, njoo usome hapa."

Maandishi yalikuwa yamechongwa kwa kisu: MASINDE WA MAKONGENI HAENDI NYUMBANI 1984.

Masinde, aliyekuwa akiishi Makongeni mwaka huo, alikikumbuka kisu, kilikuwa cha kumenyea machungwa. Sentensi hakuikumbuka. Jambo la kwanza lililomjia kichwani ni kwamba hati yake siku zile ilikuwa nzuri.

"Ni randa tano tu, mzee," Munyoki akasema. "Inaisha."

"Ubao hautakuwa mwembamba?"

"Utakuwa mwembamba. Lakini wewe utabaki mnene vilevile."

"Piga."

Munyoki akaweka randa, na utepe wa kwanza ukajikunja pembeni, wa manjano kama ulikatwa jana. Masinde akauokota. Mti huu ulikuwa umesimama mahali fulani tangu kabla babu yake hajazaliwa, na sasa ulikuwa ukigeuzwa maranda ili kumsitiri mpumbavu mmoja. Isitoshe, kwenye fomu palikuwa na mstari wa "alama", aliouongeza yeye mwenyewe.

"Ngoja kwanza ninywe chai," akasema. Akanywa vikombe viwili. Aliporudi alisema, "Acha. Ufanye egemeo la benchi." Kisha akatamani kurudia chai.

Siku ya ufunguzi alisoma fomu zote. Mawe aliyasoma taratibu, kwa madaha. Mabati vilevile. Alipofika kwenye kaunta, aliikimbiza kama mtu anayevuka barabara ya Kangundo katikati ya malori.

"Rudia, mnunuzi," Kweyu akasema kutoka nyuma. "Huku hatukusikia alama."

Masinde akarudia. Mkewe, Nerima, aliyekuwa safu ya mbele, akamtazama.

"Kumbe hiyo ndiyo ile shifti ya usiku kiwandani," akasema. "Na mimi nilikuwa nakujazia thamosi."

"Chai niliinywa, Mama Triza."

"Wapi?"

"Kipepeo."

Kicheko kilianzia kwa kina mama, kikamfikia mchungaji aliyejitahidi kukohoa. Masinde mwenyewe akaweka fomu mezani, akasema kwamba amemfukuza mwenzake kwa kuficha, na kwamba ushuhuda wake nao haukuwa na chanzo. Kama wanataka mkoba, huu hapa.

Kamati ikanong'onezana. Kweyu hakungoja imalize.

"Mimi nilificha mto mzima," akasema. "Huyu ameshindwa kuficha mstari mmoja. Mwacheni anunue. Hata akitaka kutudanganya, hatajua aanzie wapi."

Hivyo Masinde akabaki na mkoba, na Kweyu akarudishiwa kiti chake kwenye kamati, kazi yake ikiwa kumkagua Masinde.

Ibada ilipokwisha, mnunuzi alibaki akiwaeleza wageni habari za mvule, wageni ambao hawakuwa wameuliza. Nerima akasimama nyuma ya benchi jipya, akaweka kidole juu ya maandishi.

"Baba Triza, umemaliza kusoma?"

"Nimemaliza."

"Basi twende."

Masinde akaufunga mkoba wake wa semina katikati ya sentensi, akaenda nyumbani. Ilikuwa saa saba kasoro robo mchana.