Zege la Kigombe

Safari hii ilisababishwa na kompyuta. Ofisini kwetu mjini, mtaa wa Mabawa, tunachora ramani ya sehemu ngumu, yaani lami, zege na mabati, mahali ambapo mvua haizami, ili wahandisi wajue pa kupitisha mitaro. Droni hupiga picha, kompyuta hupaka nyekundu kila inapoona ugumu. Kijiji cha Kigombe kikatoka chekundu ufukwe mzima. Kwa zege lote hilo ukachorwa mtaro mpana, ukapita katikati ya nyumba ya mjane mmoja, Bi Mize. Nikatumwa kuhakiki.

Saa mbili asubuhi tuliondoka kwa pikipiki, mimi na Zuberi, mrusha droni wetu. Barabara ya Pangani ilitupiga vumbi mpaka nyusi.

Saa nne, Kigombe. Zege lilikuwa linanuka: dagaa, wameanikwa juu ya maturubai.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kuangalia zege, kwa ile habari ya mtaro."

"Marahaba, mwanangu. Zege? Hapa mchanga mtupu!" Bi Mize akamwaga ndoo ya maji mlangoni kwake. Yakazama papo hapo. "Umeridhika, au niongeze? Nyumba hii kanijengea marehemu mume wangu. Sitoki."

Moyo uliniuma. Nikampigia bosi, nikamweleza habari ya ndoo.

"Mimi sisomi ndoo," akasema, "nasoma picha. Pigeni nyingine."

Nikawaomba wenyeji waondoe dagaa na maturubai, saa sita itapita droni kupiga picha. Zuberi akarudi barabarani kuirushia huko, kwenye uwazi.

Saa sita kasoro, dagaa hawakuwepo. Lakini Kigombe hawakubali kupigwa picha ovyo, tena mbele ya mgeni. Kila nyumba ilitoa mikeka yake ya plastiki, ile ya harusini, ikatandikwa ua hadi ua.

"Karibu, mwanangu," akasema Bi Mize. "Mgeni hali chakula kasimama."

Nami, mtaalamu mzima wa sehemu ngumu, sikushtuka hata kidogo. Nilikuwa nimeshanusa wali wa nazi. Nikavua viatu, nikakaa.

Saa kumi jioni, Mabawa. Picha mpya ilikuwa nyekundu kuliko ya kwanza, na mtaro umeongezeka upana. Nikaona aibu, nikamwona Bi Mize akihamisha masufuria. Bosi akainama kwenye kioo cha kompyuta, akaikuza picha.

"Hapa katikati ya zege pana mtu. Kavua viatu, anakula. Na kompyuta imempaka nyekundu naye."

"Ni mimi, bosi."

Akanitazama, akaitazama sahani pichani. Kisha akafuta rangi yote kwa mkono wake, na mtaro nao akaufuta.

Nilichojifunza ni kuuliza kwanza kimetandikwa nini. Nyumba ya Bi Mize imesimama mpaka leo. Kwenye faili langu imo barua ya onyo kwa kula kazini, na picha imeambatanishwa kama ushahidi.