Kadi ya Wifi

Wateja wake walimwita Mama Maswali, na hakuna aliyemsingizia. Ungeweza kuingia kwenye chumba chake cha kutunza ngozi, pale nyuma ya duka la vitambaa, ukiwa na chunusi tatu tu na haraka zako, na bado ungekalishwa kwenye kiti cha dirishani uhojiwe kama umeiba kuku. Uso unanawa kwa sabuni gani? Hiyohiyo ya kufulia? Foronya ulibadilisha lini? Na mafuta ya nywele, hayateremki mpaka kwenye paji? Kisha linakuja lile la mwisho, analiuliza amekukazia macho: "Na unapaka nini ambacho hutaki nijue?"

Majibu aliyaandika kwenye kadi ngumu za manjano, kila mteja na yake, akazipanga ndani ya masanduku ya viatu. Masanduku yalikuwa tisa. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo: kitanda kimoja cha kulaza mteja, sinki, taa yenye kioo cha kukuza, kabati la dawa lenye kufuli, na saa kubwa ukutani ya kuhesabia dakika. Picha za wanawake wenye nyuso zinazometa hakuzitaka. Alisema zinawadanganya watu kabla yeye hajapata nafasi ya kuwaambia kweli.

Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa, na alikuwa na misimamo yake. Hakumkamua mtu chunusi mbichi hata amlilie. Hakumpaka mtu dawa mpya usoni kabla ya kuijaribu tone moja nyuma ya sikio na kungoja siku mbili. Aliyekuja Ijumaa akitaka kung'aa Jumamosi alirudishwa kwao na maneno machache: anawe kwa maji ya uvuguvugu, apake mafuta mepesi, alale mapema.

"Mimi si fundi wa kupaka rangi kuta," alimwambia. "Ukuta hauwashwi."

Wengine walinuna, wakaenda kwa wale wenye ahadi nyepesi, na baada ya mwezi wakarudi wamejitanda mitandio hadi puani. Hakuwasuta. Haya, aliwasuta kidogo. Kisha alichomoa kadi akaanza upya.

Sasa mtu huyohuyo, mwenye masanduku tisa ya maswali, alikuwa na kadi moja ya uongo. Ilikuwa ya wifi yake.

Huyu wifi, dada wa mumewe, alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika hadi darasa la jirani. Kwa miaka mitatu alikuja kusafishwa uso kila mwezi, na wawili hao walicheka tangu mlangoni hadi taulo la mwisho. Siku ya kwanza kabisa Mama Maswali alijaribu kumuuliza lile swali lake, naye akaangua kicheko.

"Wifi, hata mimi unanihoji? Mimi na wewe tuna siri gani?"

Mama Maswali akaona haya. Kumhoji mteja ni kazi, lakini kumhoji dada wa mume alikuona kama kumpekua mkoba akiwa ndani ya nyumba yake. Basi akaandika: hapaki kitu. Mwezi uliofuata hakuuliza, akanakili mstari uleule. Mwezi mwingine hivyohivyo. Miaka mitatu, mstari mmoja, tena kwa mwandiko wa kupendeza. Mtaalamu mwingine angefanya hivyo kwa mteja wake, Mama Maswali angemsema mpaka asikie masikio yanawaka.

Wifi akapata mchumba, fundi saa aliyefiwa na mke, mtu mpole asiyeongea mpaka aulizwe mara mbili. Ukoo ulikuwa umeshakata tamaa kimyakimya kwamba wifi ataolewa, na wengine wala si kimyakimya, kwa hiyo harusi ilipopangwa furaha ilipanda hadi darini. Zikiwa zimebaki wiki mbili, wifi akaja na ombi. Alitaka ile asidi laini ya kuondoa tabaka la juu la ngozi, ambayo Mama Maswali huwapaka wateja wachache wenye madoa sugu, kwa dakika tatu tu. Ngozi yenye afya hutulia kabisa ndani ya wiki moja. Hesabu ilitosha.

Alifuata utaratibu wake. Tone moja nyuma ya sikio, siku mbili, kukawa shwari. Na kwa nini kusiwe shwari? Nyuma ya sikio hakuna mtu anayepaka krimu.

Siku ya tatu akamlaza, akampaka, akaitazama saa. Dakika ya kwanza haijaisha wifi akasema inachoma.

"Itachoma kidogo, vumilia."

"Si kidogo, wifi. Si kidogo!"

Mama Maswali akainamisha taa. Mashavu yalikuwa yameanza kupauka kwa mabaka. Alimmwagia maji ya baridi, akammwagia tena na tena, robo saa nzima. Uso ulipotoka chini ya taulo ulikuwa mwekundu, umevimba, na chini ya macho malengelenge madogo yalishajipanga. Ndipo akauliza, miaka mitatu baadaye.

"Unapaka nini?"

Wifi alitazama dari. "Ni krimu tu. Ya kopo. Usiku, usoni tu."

"Kopo la nani?"

"Halina jina. Nililipata mahali."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Usinitazame hivyo, nami nina haya zangu."

Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Krimu za namna hiyo alizijua kwa madhara yake: ndani mmechanganywa dawa kali ambayo daktari huandika kwa siku chache tu, na mtu akiipaka miaka, ngozi hung'aa kweli huku ikibaki nyembamba kama shuka lililofuliwa hadi kuchoka. Asidi yake haikuwa na kosa. Ilikuta mlango wazi ikapita.

Siku hiyohiyo alimpeleka kwa daktari wa ngozi. Daktari alisema vidonda ni vya juu na vitafunga. Apake mafuta ya mgando peke yake, jua likwepwe, asikwaruze, asipake vipodozi mpaka ngozi ishike. Kuhusu madoa hakuuma maneno. Yatakuja meusi, yatakaa miezi, na siku ya harusi yatakuwepo.

Walipotoka, wifi alisimama kwenye ngazi za zahanati, amejifunika mtandio.

"Sikia," alisema. "Nyumbani nitasema nimefunua sufuria, mvuke ukanipiga. Nikitaja krimu nimejiaibisha. Nikitaja dawa yako, kazi yako imekwisha. Tunyamaze, sote tupone."

"Na harusi?"

"Harusi iko palepale. Fundi saa hakunichumbia uso. Na kama aliuchumbia uso, heri nijue mapema."

Mama Maswali alikubali. Tusimpambe: alikubali upesi, na usiku ule alilala vizuri. Nusu ya wateja wake waliletwa na mdomo wa mama mkwe wake, mama mzazi wa wifi, mwanamke anayejulikana mtaani kwa uso laini usiozeeka, ambaye kila alipoulizwa siri yake alijibu kwamba ana mkwe mtaalamu. Kumwangusha mama mkwe kulikuwa kujiangusha mwenyewe mbele ya mtaa mzima.

Jumapili ukoo ulikutana kwa mama mkwe kupanga mambo ya harusi. Sebule ilijaa mashangazi, watatu kwenye kochi la watu wawili, vikombe vya chai hadi kwenye kizingiti cha dirisha. Bibi harusi alikaa pembeni na mashavu yake yanayoambuka, akitoa mzaha kila mtu alipomtazama sana. Mashangazi walimpa pole ya sufuria. Mmoja alitaka kujua ilikuwa sufuria ya nini, naye akajibu ya maharage bila kusitasita.

Ndipo mama mkwe akasimama.

"Nimshukuru huyu," alisema, na akamwekea Mama Maswali mkono begani. "Ndiye aliyemkimbiza kwa daktari. Tusingekuwa na mtaalamu ndani ya nyumba, mwanangu angeharibika uso. Mungu amzidishie."

Mashangazi wakaitikia. Mama Maswali alikiweka kikombe chake chini. Lawama angeivumilia. Shukrani ilimshinda.

"Mama, si sufuria," alisema. "Ni mimi."

Wifi alimkata jicho, lakini maneno yalikwishatoka na mengine yalikuwa njiani.

"Nilimpaka dawa yangu bila kumuuliza swali ninalomuuliza kila mtu. Kwenye kadi yake nimeandika kitu ambacho sikukijua, miaka mitatu. Niliona haya kumuuliza kwa sababu ni wifi yangu. Kosa ni langu, na uongo nilioukubali ni wangu pia."

Kuhusu krimu hakusema neno. Hilo halikuwa lake la kulisema.

"Swali gani?" aliuliza shangazi mkubwa.

"Anapaka nini."

Wifi aliinama akatazama kikombe chake. Mama mkwe aliondoa mkono begani. Akasema, "Njoo chumbani," akatangulia bila kugeuka. Mama Maswali alimfuata, tayari kwa lolote. Alishaanza kuhesabu moyoni wateja watakaobaki.

Mama mkwe alifunga mlango. Akafungua mtoto wa meza, akatoa kopo jeupe lisilo na jina, akaliweka kitandani.

"Nilimpa mimi," alisema. "Alipofika miaka arobaini na miwili. Nilimwambia ajipendezeshe, labda atatokea mtu. Mimi mwenyewe napaka mwaka wa kumi na moja."

Alivua kilemba alichokifunga chini karibu na nyusi, akachovya ncha ya kitambaa kwenye glasi ya maji na kufuta poda. Kwenye panja, kando ya macho, ngozi ilikuwa nyeusi ya majivu, na mashavuni mishipa ilionekana kama nyuzi. Uso huo Mama Maswali alikuwa ameusifu miaka yote hiyo, pamoja na mtaa wote.

"Niambie kweli, kama ulivyosema pale. Nikiacha itakuwaje?"

"Itawasha, mama. Itavimba, itakuwa mbaya kuliko hivi kabla ya kupoa, na weusi mwingine hautatoka. Usiache kwa mkupuo. Kesho twende kwa daktari, yeye ndiye atakayepanga namna ya kuipunguza."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo:

"Na mwanangu alisema amelipata wapi?"

"Alisema mahali tu."

"Hakunitaja?"

"Hakukutaja. Hata kwa daktari."

Mama mkwe akakaa kitandani. Alilia bila kujificha, mkono mmoja mdomoni ili sebuleni wasisikie, na poda iliyobaki ikashuka na machozi. Mama Maswali akakaa kando yake.

"Mwite," alisema mama mkwe hatimaye. "Mwambie mama yake anamwomba aje. Na wewe usiondoke."