Meli za Kaka

Siku ya kuanua matanga, ukoo ulikaa uwanjani kwetu mlimani kugawa vitu vya kaka yangu. Koti lilikwenda kwa baba mdogo. Viatu, ambavyo kaka alivipenda mno, vilimkaa binamu mmoja asiyejua hata brashi ya viatu, nami nikanuna waziwazi. Redio akapewa baba. Kisha mama akauliza, "Kuna kitu chake kingine kimebaki?" Nikanyamaza. Kilikuwepo, ila ningekielezaje? Niwaambie wazee wenye vibuyu vya pombe ya mbege mkononi kwamba marehemu ameacha meli angani? Wangeanza kuniombea.

Kaka alikuwa mwangalizi wa intaneti kafe moja mjini Moshi, miaka ile zilipokuwa zinafunguliwa kila kona. Wateja wakipungua, alicheza mchezo wa anga za juu kwenye mtandao. Unapewa sayari, unachimba madini, unaunda meli. Ubaya wake, ukifunga kompyuta ukaenda zako, mchezo hausimami. Wachezaji wengine, watu wa kweli wa nchi usizozijua, wanakuja kuzivunja meli zako na kubeba madini. Mimi nilikuwa nikimpelekea ndizi za mchana kwenye hotpoti, naye anakula huku ananifundisha.

"We mtoto, usiache meli zimelala nyumbani. Ukiondoka, zitume safari ndefu. Meli iliyo njiani haipigwi. Zipigie hesabu zirudi ukiwa umeshakaa hapa."

Nilimcheka. Jitu zima na meli za uongo! Naye alicheka, mdomo umejaa ndizi.

Halafu homa ikamshika. Siku ya tatu, akiwa kitandani hospitalini, aliniita karibu akanipa neno lake la siri, ambalo lilikuwa jina la ng'ombe wetu. "Nenda kafe ukazitume meli." Nikakasirika, jamani. Mtu anaungua hivi bado anawaza mchezo! Nilikwenda kwa hasira, nikazituma. Niliporudi hakuwa akiongea tena, na hakuongea mpaka alipotutoka.

Ndiyo maana niliendelea. Mwenye kafe, mama mmoja mkazi wa Rau aliyempenda kaka, aliniruhusu kukaa kwenye ile kompyuta kila asubuhi kabla hajafungua. Nilitembea kutoka Shirimatunda, tulikokuwa tukiishi pale mjini, nikazipokea meli, nikazihesabu, nikazituma tena. Mahali pengine pote kaka alikuwa marehemu. Pale jina lake lilikuwa kwenye orodha na wengine, na meli zake zinakwenda na kurudi. Sikutaka zife mikononi mwangu. Nilikuwa nimeshachelewa kwa mengine.

Tulikuwa na jirani mbaya. Sayari yake ilikuwa karibu na yetu, ana nguvu kutuzidi mara nyingi, na kila siku alituma vyombo vidogo kuja kuchungulia kama meli ziko nyumbani. Akikuta patupu, anaondoka.

Ikafika Desemba. Mchagga asiyepanda mlimani Krismasi ana lake jambo, na ile ilikuwa Krismasi ya kwanza bila kaka. Ningemwambia nini mama? Mama wa kafe naye anafunga, anapanda kwao. Kule juu hatukuwa na simu, sembuse kompyuta. Safari ndefu kuliko zote katika mchezo ilikuwa ya siku mbili, na sisi tungekaa kumi. Mchezo haukujua Krismasi.

Hapo nikakumbuka isale. Kwetu, ukitaka kuomba amani kwa mtu, unampelekea jani la isale, mmea ule ule tunaoupanda kwenye mipaka ya kihamba, shamba la ukoo. Aliyepelekewa hakatai. Nimeona wanaume wawili walioapa kupelekana mahakamani, mmoja akaletewa jani, akalipokea, wakanywa kibuyu kimoja. Kwenye kompyuta sikuwa na jani, basi nikaandika barua kwa Kiingereza changu cha shule. Nikamweleza jirani ukweli wote: mwenye meli amefariki, mimi ni mdogo wake, tunakwenda kwetu tangu siku fulani mpaka siku fulani, meli zitakuwa zimelala nyumbani, tafadhali usiziguse. Nikamweleza na habari ya jani.

Alijibu asubuhi ileile. Alisema pole sana, naye ana kaka, niende kwa amani. Nililia pale pale mbele ya kompyuta. Wala sikuzituma hata ile safari ya siku mbili. Mtu aliyepokea isale unamficha nini?

Krismasi yenyewe ilikuwa ya ukungu na mvua nyembamba. Mama alipika mtori, akapakua sahani moja zaidi, kisha akairudisha jikoni. Nikatoka hadi kaburini, nikasimama kwenye tope. "Meli zako ziko salama," nikamwambia. Nilikuwa na furaha kidogo, nakiri.

Kafe ilifunguliwa baada ya Mwaka Mpya. Nilikaa, nikaandika jina la ng'ombe. Ripoti za mchezo zilionyesha kwamba jirani alikuja siku ya pili tu baada ya sisi kupanda. Akarudi tena na tena, mpaka hapakuwa na cha kuvunja. Meli: sifuri. Hakuacha hata neno.

"Mshenzi!" nilipiga kelele, hata mama wa kafe akaacha kufagia. Lakini mshenzi alikuwa nani? Kaka alinifundisha jambo moja tu, akalirudia akiwa anakufa, na mimi nikaenda kumwandikia adui siku yetu ya kuondoka na siku ya kurudi. Sikuwahi kurudi pale.

Jioni moja mwezi uleule, mama alikuwa akikunja nguo kitandani. Akasimama na shuka mkononi, akaniuliza, "Mwanangu, hivi huna kitu chake chochote kimebaki? Hata kidogo tu, nikishike."

Safari hii sikunyamaza.

"Hakuna, mama," nikamwambia, na ilikuwa kweli.