Ninga Niliowaandika Bila Kuwaona

Mwanangu, iko asubuhi moja ya masika naikumbuka kila mvua zikianza, na kila nikiikumbuka najiona mdogo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kwetu Michenzani kwenda Matemwe kumuuguza Mjomba Haji, kaka yake mama, mwalimu mstaafu aliyelazwa kitandani na maradhi ya miguu.

Mjomba alikuwa na daftari. Kila masika, matunda ya mlandege yanapoiva, alikwenda kichakani nyuma ya kijiji akawahesabu ndege wanaokuja kula: shore, tetere, na hasa ninga, wale njiwa wa kijani aliowapenda kuliko baadhi ya jamaa zake. Nami nikiwajua hao jamaa, simlaumu. Kazi hiyo aliianza mimi sijazaliwa. Mwaka ule wachoma chokaa walikuwa wakikata miti kwa ajili ya matanuri yao, na sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, alikuwa amemwahidi mjomba kwamba siku atakapomletea habari ya ninga kupungua, atawazuia.

Basi nikapewa daftari mimi. Asubuhi ya kwanza nilikaa kichakani mpaka jua likapanda. Shore walikuwapo, tetere walikuwapo. Ninga sikumwona hata mmoja. Niliporudi, hata viatu sijavua, akaita kutoka chumbani, "Habari za ninga?"

"Salama, mjomba. Wapo."

Unatujua sisi wa Unguja. Mtu nyumba imemuungulia, ukimuuliza hali atakujibu salama kwanza, ndipo akueleze moto. Mimi nilijibu salama nikaishia hapo, maana niliuona uso wake ulivyokunjuka. Kisha nikaogopa asije akataka kusoma, nikaandika ninga sita. Kesho yake, tisa. Wiki nne nzima niliwaandika ninga nisiowaona, siku za mwisho hata kichakani sifiki, naye akawa anakula vizuri, nami nikajisifu moyoni kwamba najua kuuguza.

Njia ya mwongo ni fupi. Miguu ilipopata nafuu, akaomba mkongojo tukafuatana. Tulikuta visiki. Mlandege mkubwa ulikuwa umeshakuwa kuni, na tanuri linafuka moshi. Akaomba daftari, akazisoma kurasa zangu zote pale pale.

"Ulinionea huruma," akasema.

"Naam, mjomba."

"Ungenambia, ningekwenda kwa sheha hata kwa kubebwa. Salama ni jawabu la watu, mwanangu. Daftari huandikwa kilichopo."

Hakunifokea, na laiti angenifokea. Alinirudishia daftari, na tangu siku ile hakuliulizia tena. Masika ya pili hakuyafikia. Mpaka leo nalia nikizifikia kurasa zile, kwa sababu kazi ya umri wake wote inaishia kwenye uongo wa mkono wangu.

Sasa nakuona wewe na simu yako, unapiga picha nondo waliotua ukutani, unarekodi sauti za ndege huku umetuziba midomo sote nyumbani, nami nafurahi. Lakini juzi nilikusikia ukimwambia mwenzako, "Leo hakuna kitu, hakuna cha kuandika." Kipo cha kuandika. Mficha maradhi kifo humuumbua. Usipoona, andika kwamba hukuona, taja siku na mahali, kisha umpelekee mwenye uwezo wa kulizuia shoka mti ungali umesimama. Na mzee akikuuliza habari ya kitu anachokipenda, mwambie kweli kwa upole, lakini mwambie. Huruma inayomnyima mtu nafasi ya kukiokoa kipenzi chake ni wizi. Mimi niliiba, mwanangu, na niliyemwibia hayupo tena nimwombe radhi.

Mwenyezi Mungu akujaalie macho ya kuona, na ujasiri wa kukisema hata kile ulichokitafuta ukakikosa. Amin.