Mbuzi wa Ntheo na Swichi ya Tajeu

Tajeu anaweza kumtazama ng'ombe aliye ng'ambo ya barabara akakuambia umri wake, tabia yake, na uongo ambao mwenye ng'ombe atausema akiulizwa bei. Ndiyo kazi yake, udalali wa mifugo katika soko la Bisil. Kwa magari hana kipaji hicho. Gari lake la kwanza liliibwa Kajiado akiwa ndani ya kibanda anakunywa supu ya mifupa, na tangu siku hiyo haamini mtu yeyote aliye na mikono miwili.

Aliponunua Probox nyeupe, aliipeleka kwa fundi wa mbali asiyemjua mtu hapo Kitengela wanakoishi, akawekewa swichi ya siri nyuma, chini ya mkeka wa buti. Ni ya kubonyeza. Ukiibonyeza mara moja, pampu ya mafuta inapata stima. Ukiibonyeza tena, stima inakatika na gari halishiki hata ulibembeleze. Hakumwambia mtu. Hakumwambia hata mkewe Kavutha, fundi cherehani wa sare za shule, ambaye ameishi naye tangu ujana wao na kumzalia binti, Seleyian.

Seleyian sasa amekuwa mkubwa, na wazee wa mchumba wake walikuwa wametangaza kuja Jumamosi inayofuata kuzungumza mambo ya mahari. Tajeu alikuwa ameshaanza kuwachagulia ng'ombe kichwani. Hapo ndipo baba yake Kavutha, Mzee Maweu, Mkamba aliyehamia Kajiado zamani kuchimba visima, alipompigia simu.

"Utakulaje mahari ya msichana," akamuuliza, "na mama yake hujamtolea hata mbuzi wa ntheo?"

Ntheo ni mbuzi watatu. Mkamba asipowapokea hao, binti yake hajaolewa, hata kama amezaa, amenenepa na amezeeka kwako. Tajeu alikuwa akiahidi kuwapeleka tangu Seleyian akiwa wa kubebwa mgongoni. Mwenye mbuzi mia huona aibu kupeleka watatu, alikuwa akisema, na kwa aibu hiyo hakupeleka hata mmoja. Safari hii Maweu aliita ndugu zake kutoka Makueni, akasema watangoja Jumamosi hii, wiki moja kabla ya wageni, mpaka saa nane, kisha warudi kwao, na yeye hatawaita tena. Tajeu asipofika, wageni wa Seleyian wakija wataambiwa waende wakamtafute baba mwenye haki.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo Tajeu alibonyeza swichi yake, akasikia gari linanguruma vizuri, akalizima, akapakia mbuzi watatu kwenye buti. Majike wawili na dume moja lenye ndevu za mchungaji wa kanisa. Kavutha akatoka na gauni jipya la kitenge. Tajeu akazungusha ufunguo.

Gari likazunguka, likazunguka, likakataa.

"Betri," akasema Odero, jirani wa mlango wa pili. Odero ni kinyozi na hajawahi kumiliki gari, kwa hiyo anayajua yote.

"Betri ingekuwa mbovu ingezunguka hivyo?" akauliza Tajeu.

"Iko na nguvu ya kuzunguka, lakini haina nguvu ya kushika."

"Kama wewe na kazi," akasema Kavutha.

Walimwita Kiilu, mekanika wa karibu na steji, mtu wa kelele nyingi anayeongea na injini kama anayegombana na shemeji. Alifungua boneti, akamwambia Tajeu ajaribu, akasikiliza kidogo akainua mkono.

"Wacha! Stata iko sawa, betri iko sawa. Odero, rudi ukanyoe."

Akatoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma, Tajeu akazungusha tena. Cheche ya buluu ikaruka. "Moto iko," akasema Kiilu. Akaipeleka plagi puani, akavuta pumzi kama anayeonja kachumbari. "Lakini hii imekauka. Haina hata harufu ya petroli. Mzee, mafuta iko?"

"Nimeweka jana."

"Basi haifiki huku mbele. Nataka nisikie pampu. Iko chini ya kiti cha nyuma, ukifungua ufunguo inafaa kulia zzzz kidogo. Nyamazeni wote."

Watu walinyamaza. Mbuzi walikataa. Dume lile lilikuwa na maoni kuhusu kila kitu.

"Washikeni mdomo!" akafoka Kiilu.

Kwa hiyo Odero akashika mdomo wa jike mmoja, mtoto wa jirani akaitwa kushika wa pili, na Kavutha, na gauni lake jipya, akalikumbatia dume. Tajeu akafungua ufunguo. Kiilu alilaza sikio kwenye kiti. Ploti nzima ilitulia kama kanisani wakati wa kuhesabu sadaka.

Hakuna kitu kilicholia.

"Pampu hailii," akasema Kiilu. "Ama imekufa, ama stima imekatwa mahali. Mzee, niambie ukweli. Uko na swichi ya siri?"

Odero akainua kichwa. Wapita njia wawili wakasimama. Tajeu akawaangalia wote, akaangalia anga.

"Sina."

Kusema kweli, hakuona kama anadanganya sana. Swichi aliibonyeza kwa mkono wake, gari likawaka, sasa swichi inaingiaje? Hakufikiria kwamba mbuzi nao wana miguu.

"Basi pampu imekufa," akasema Kiilu. "Niende Athi River nikutafutie ingine. Saa tisa, kumi hivi, tutakuwa tumemaliza."

"Saa nane wazee wanaondoka!"

"Mwambie pampu, si mimi."

Simu ya Kavutha ikalia. Alikuwa baba yake. Akajitenga kidogo, mkono mmoja bado uko kwenye ndevu za dume.

"Ndiyo, Nau," akasema, neno la Kikamba la baba. "Tumeshapita Isinya... Hiyo kelele? Ni mbuzi, Nau, wana furaha."

Alipokata simu alisimama akimtazama mumewe. Kulikuwa na neno moja la kuokoa siku ile, na lilikuwa mdomoni mwake, na akilitoa lingemchoma yeye pia. Akaziachia ndevu za dume.

"Kiilu, acha pampu ya watu. Baba Seleyian, inua mkeka. Dume lako limesimama juu ya swichi."

Tajeu aliganda. "Swichi gani?"

"Ile huna."

Tajeu alipanda kwenye buti, akalisukuma dume, akainua mkeka, akabonyeza. Kiilu akazungusha ufunguo kupitia dirishani na gari likashika mara moja. Odero alicheka mpaka akakalia ndoo.

"Ulijua lini?" akauliza Tajeu kutoka kule kati ya pembe.

"Tangu nioshe hiyo mikeka."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema aje? Wewe ukipanda lori kwenda Bisil, unadhani vitambaa vyangu kutoka Namanga huja vikitembea?"

Kiilu alifunga boneti polepole, ili asipitwe na neno. Hapo dume likarudi mahali pake, likakanyaga, na gari likazima.

"Nikuunganishie waya moja kwa moja?" akauliza Kiilu. "Ni kitu ya nusu saa."

"Hatuna nusu saa," akasema Kavutha. "Wewe ni mchungaji wa mbuzi ama si mchungaji? Kaa hapo hapo, uwazuie." Akaketi kwenye usukani, akasogeza kiti mbele pale alipokizoea.

Wakaenda hivyo. Tajeu alichuchumaa nyuma, kiganja kimelinda swichi, goti limezuia jike mmoja, dume linamtafuna kola ya shati. Mara moja alipaza sauti, "Tuta mbele!"

"Ninalijua," akajibu Kavutha. "Na linalofuata pia."

Walifika Kajiado wazee wakiwa wameshasimama na kofia zao kichwani. Walimwona Kavutha akishuka upande wa dereva, kisha wakakusanyika nyuma alipofungua buti.

Mzee Maweu akainama, akachungulia ndani. "Niliomba watatu. Mbona naona wanne?"

"Huyo wa pembeni ni dume?" akauliza ndugu yake mmoja.

"Ni dume," akasema Kavutha, "lakini huyo msichinje, bado ninamtumia."

Wazee walicheka hadi mmoja akavua kofia kujifutia macho. Wakavua zote, wakaketi tena. Maweu akawashika mbuzi masikio mmoja baada ya mwingine, akawapapasa mgongo, akawapitisha kwa ndugu zake, nao wakaitikia kwamba wameona. Kisha akamgeukia Tajeu, aliyekuwa ameshuka na samadi kwenye suruali ya suti na magoti yaliyokataa kunyooka.

"Wageni wa Seleyian waje Jumamosi ijayo," akasema. "Na mimi nitakuja kuketi kando yako."

Miaka yote Tajeu alikuwa amemwita Maweu "Mzee" tu, kama anavyomwita kila mnunuzi sokoni. Alijaribu kupangusa mkono kwenye koti, akaona hausafishiki, akautoa hivyo hivyo.

"Asante, Nau."

Maweu aliutazama ule mkono, akaupokea.